Kitani na Neno "Kaa"

Nimestaafu kazi ya pasi nikiwa sina mvi hata moja. Nimezitafuta kwenye kioo, kwa bidii, kwa sababu mtu anayeanza habari zake na "nilipokuwa kazini" anapaswa kuwa na uthibitisho kichwani. Muuguzi aliyesikiliza kifua changu alisema nichague kati ya moshi wa makala ya pasi na pumzi yangu. Nikamwomba siku chache za kufikiri. Alivyonitazama, nilijua amegundua kwamba kifua si ugonjwa wangu wa pekee.

Riziki na Mwamini, ninyi mliorithi kibanda changu hapa nyuma ya soko la Kasongo, mmeniomba niandike juu ya kitani. Mmefanya vizuri kutoniuliza juu ya vitenge na sare za shule, maana huko mmenishinda tangu zamani na mimi nilijifanya sioni. Kitani peke yake ndicho mlikuwa mnaniachia, mkisema, "Hii ni ya Dada," kwa sauti ile ile mtu anayotumia akionyesha mbwa mkali wa jirani.

Hakuna aliyenifundisha. Nilianza nyumbani, nikipiga pasi sare za wadogo zangu, kisha nikizipiga tena kwa sababu walikuwa wamezivaa. Mama alisema nyumba yetu ndiyo pekee mtaani ambamo watoto walisimama kula uji. Majirani waliona zile sare, wakaanza kuleta zao. Mwenye wasiwasi akipewa kazi ya kunyoosha vitu, hushukuru sana, kama mlevi aliyeajiriwa kulinda pombe.

Kitani cha kwanza kililetwa na mwalimu wa shule ya kanisa. Lilikuwa shati alilolipata kwenye balo la mitumba, nguo zilizokwisha kuvaliwa, rangi ya maziwa, limekunjamana kama uso wa mtu aliyeamshwa. Ndani ya kola kulikuwa na kijitambaa kimeandikwa LIN. Nikafikiri herufi ya mwisho imefutika na kwamba shati linauliza: lini? Sikuona ajabu. Wateja wote waliuliza hivyo hivyo. Nilimwambia mwalimu kwamba litakuwa tayari kesho, na kwamba shati lenyewe nimeshalijibu. Alicheka mpaka akashika mlango, kisha akanieleza kuwa ni Kifaransa, na kwamba wazee wa mjini hapa huita kitambaa hicho kitani. Niliona aibu wiki nzima. Lakini nilikipenda tangu siku ile, kitambaa chenye jina linalofanana na maradhi yangu. Na mimi huamka nikiuliza lini.

Shati lile lilinitesa. Sisi huku tumefundishwa na nzi. Mnamjua: yule anayetaga mayai kwenye nguo mbichi iliyoanikwa nje, kisha funza anakua chini ya ngozi ya mtu kama jipu lenye mawazo yake. Kwa hiyo kila mama wa jimbo letu la Maniema hukausha nguo mpaka iwe kama bamba, halafu anaipiga pasi ya moto pande zote mbili. Nami nililikausha shati la mwalimu hivyo hivyo. Pasi ilipopita, mikunjo iliitazama kama watu wa barabarani wanavyotazama pikipiki ya mkubwa wa serikali: kwa heshima, bila kuondoka.

Nikaazima simu ya kaka yangu na kutafuta video. Nikampata mwanamke mmoja mbele ya meza nyeupe, kitani chake kimelala kama maji. Akainua kidole akasema kwamba kuna jambo moja ambalo usifanye kamwe ukiwa na kitani, nalo ni… Hapo mega za intaneti za kaka zikaisha. Alipopata nyingine sikuiona tena ile video, na kwa miaka yote ya kazi nimekuwa nikijizuia kufanya kila jambo, nisije nikaangukia lile.

Nilichojua nilikijua kwa kuharibu, na mengi niliyaharibu kwenye nguo zangu mwenyewe. Kitani hupigwa pasi kikiwa na unyevu, si kikavu. Ukikiona kimekauka, kinyunyizie maji kwa chupa yenye kifuniko kilichotobolewa, kikunje, ukisubiri kama unavyosubiri unga uumuke. Usikikamue kwa kukisokota. Usikipe javeli, ile dawa ya kung'arisha, maana kitakuwa cheupe leo na kesho kidole kitapita. Wanga wa muhogo uwe mwepesi kama maji ya kuoshea mchele, na usikunje mahali pale pale kila mara, kwa sababu kitani hukatika kwenye kunjo kama urafiki unaotaniwa juu ya jambo moja.

Na yule nzi? Nilikosa usingizi kwa ajili yake. Ukikausha nje, yupo. Ukipiga pasi mbichi haraka haraka, mayai yanabaki kwenye mishono. Mwisho nikaanika kitani ndani ya nyumba, chini ya chandarua. Mama alisimama mlangoni akaangalia mashati mawili yakilala kitandani mwangu chini ya neti, na mimi mkekani nikipiga mbu. Akasema, "Haya. Ukipata mume, atalala wapi?" Njia hiyo bado ni nzuri. Pasi ipite ndani na nje, ikae juu ya mishono mpaka mvuke uishe. Mvuke ukiisha, nzi naye ameisha.

Pasi yangu mnaijua, ile ya jogoo. Msimsahau jogoo mwenyewe, yule kifungo cha mbele. Akilegea, kifuniko hufunguka na kaa huruka. Chagueni makala ya mti mgumu. Toka nje, bembeza pasi mpaka majivu yaondoke, isugue kwenye jani la mgomba ili iteleze, na ijaribu kwanza kwenye kitambaa kibovu. Mimi niliijaribu mara nyingi kiasi kwamba vitambaa vyangu vibovu vilikuwa vimenyooka kuliko mashati ya watu.

Sasa nifike kwenye kanzu ya Yusufu, ambayo mnaitaja kila mkinigombeza.

Kanzu ile ilianza maisha kama kitambaa cha meza. Mjomba wake Yusufu, Mzee Ramazani, mfanyabiashara wa chumvi na mawese, mtu mpana ambaye kiti kikimwona hujiandaa, alikikuta ndani ya balo: kitani kizito, kikubwa, na pembeni kimetariziwa herufi M ya mtu tusiyemjua. Fundi akakishona kanzu, na ile M ikabaki kwenye pindo la chini. Yusufu alikuwa anamwoa binti wa Kabambare aitwaye Mariamu. Mzee Ramazani alizunguka soko zima akionyesha pindo. "Muone," alisema, "hata Wazungu walijua."

Lakini arusi yenyewe haikuwa imesimama vizuri. Yusufu aliniambia siku alipoleta kanzu. Mara ya kwanza walipokwenda kujitambulisha kwa baba wa Mariamu, mvua ilikuwa imetanda, madereva wa pikipiki wakawahimiza, na wageni wakaondoka kabla hawajakaa kula. Kule neno likatembea kwamba watu wa Kasongo huja, husalimia, hawakai. Baba Mariamu alikubali arusi kwa sababu binti yake alimwomba sana. Alisema atamtazama kijana huyo vizuri siku hiyo, na akiona bado kuna dharau, atafunga mlango kwa adabu. Yusufu alinieleza hayo akiigeuza kanzu mikononi. Alitaka waone amejiandaa.

Mimi nilisikia "kujiandaa" peke yake. Masikio yangu yalikuwa ya pasi.

Niliuliza nani ataipiga kanzu baada ya safari. Hakuna aliyejua. Nikasema nitakwenda. Hakuna aliyekuwa ameniomba.

Tuliondoka kwa pikipiki tatu, mimi, Yusufu na Mzee Ramazani, ndugu wengine wakiwa wametangulia. Mimi nilibeba kanzu mgongoni ndani ya mfuko wa plastiki, na pasi ya jogoo kwenye kikapu mapajani. Njia mnaijua kwa sifa zake. Kabla ya kijiji cha Wamaza kulikuwa na tope lililojificha chini ya majani, na pikipiki yangu ikalala polepole, kama ng'ombe aliyeamua. Mimi na dereva hatukuumia. Yusufu alikuja mbio akauliza, "Iko muzima?" na sisi sote tulijua anauliza juu ya nani. Plastiki ilikuwa imepasuka. Maji mekundu yalikuwa yameingia mpaka kifuani mwa kanzu, na kifuniko cha pasi kimeng'oka bawaba. Jogoo alikuwa amekatika kichwa.

Wamaza tulifikia kwa shangazi yake Yusufu, Mama Sikujua, mkulima wa muhogo, mwanamke mwenye mikono mirefu na haraka kidogo sana. Alikuwa hajawahi kushika kitani. Nilimweleza hatari zote huku nikilia kwa mpango, machozi kwa jicho moja moja. Alisikiliza, akasema, "Ni nguo. Lete mayi."

Tuliosha kwanza kwa maji matupu mengi, bila sabuni, mpaka wekundu ukaacha kutoka. Sabuni ikikutana na tope letu huoana nalo. Kisha sabuni ya kipande, kwa kiganja, bila kusugua. Tukaitundika chini ya paa, nami nikaifunika neti ya wageni. Asubuhi ilikuwa bado na unyevu. Niliuliza kama kuna mwenye pasi. Ya jirani ilikuwa imekopeshwa, na aliyekopeshwa alikuwa shambani, na shamba lilikuwa mbali. Mama Sikujua akashika mabega ya kanzu, akanipa pindo.

"Vuta," alisema.

Tukavuta. Kwa urefu, kwa upana, kisha kwa pembe, tukiikung'uta katikati mpaka ikalia kama ngozi ya ngoma. Mikunjo ilikuwa inaondoka. Sikuamini, miaka yote nilikuwa nimeichoma bure. Tukaikunja taratibu, mshono juu ya mshono, tukaifunga ndani ya kitenge safi. Mama Sikujua akaipapasa juu.

"Sasa inaomba kitu kizito," alisema.

Wote tuligeuza macho. Mzee Ramazani alikuwa anamalizia chai. Aliinua macho akakuta sote tunatazama upande mmoja.

"Munaniangalia nini?" aliuliza. Kisha akaelewa, akaweka kikombe chini kwa heshima ya mtu aliyeitwa kazini. "Haya. Nimeitwa mengi. Pasi bado."

Akaikalia kutoka Wamaza mpaka Kabambare, juu ya kiti cha pikipiki, jua likimsaidia. Kila kijiji tulichopita aliwapigia watu kelele wampishe, pasi inapita. Sijawahi kuombea uzito wa mtu kama siku ile. Barabara ilipomrusha, moyo wangu uliruka naye, na aliposhuka, tulishuka wote.

Tulipofungua kitenge mjini Kabambare, kanzu ilikuwa imenyooka kama karatasi ya mtihani. Yusufu alipoivaa, ile M ikatulia juu ya kifundo cha mguu wake, na mimi nikasimama mbele yake nikiwa na furaha na hofu kwa kiasi kile kile, maana ninajua kitani. Kitani hunyooka kwa nusu siku na hukunjamana kwa kuketi mara moja. Nikamshika mikono yote miwili.

"Yusufu," nilimwambia, "ukikaa tu, tumekwisha. Usikae mpaka nikuambie."

"Sikai, Dada," akasema. Ni kijana mtiifu. Hilo ndilo lililotaka kumwangusha.

Baada ya sala ya Ijumaa tukafika kwa baba wa Mariamu. Wanaume walikuwa uani chini ya turubai. Mimi nikaingizwa ndani kwa wanawake, karibu na dirisha. Mariamu alikuwa kitandani katikati ya dada zake, na pembeni bibi yake aliyeitwa na wote Koko, mwanamke mdogo kama ufagio. Kutoka dirishani niliona kanzu yangu imesimama, haina kunjo. Nilipumua.

Baba Mariamu akamwonyesha Yusufu kiti. Yusufu akashukuru, akasema yuko sawa. Baba akafikiri kiti hakifai, akaagiza kingine, chenye mto. Yusufu akaweka mkono kifuani, akainama kidogo sana, asivunje kiuno cha kanzu, akashukuru tena. Chini ya turubai mazungumzo yakapungua. Mzee Ramazani alikuwa ameshakaa na alikuwa anamkonyeza mpwa wake kwa macho yote mawili. Yusufu hakumwona, alikuwa anatazama dirisha langu.

Ndipo baba Mariamu alipoinuka, akachukua kiti chake mwenyewe, kile cha mbao chenye mikono, akakibeba mpaka mbele ya Yusufu. Akakiweka chini polepole.

"Mwanangu," alisema, "kaa."

"Asante, Baba," akasema Yusufu, jasho likimtoka. "Nitasimama."

Ndani, wanawake waliacha kuongea. Mmoja akanong'ona, "Si tulisema?" Mwingine akasema kiti cha baba kimekataliwa, sasa kilichobaki ni nini. Koko hakunong'ona. Alisema wazi, kwa sauti ya mtu anayesoma hali ya hewa: "Huyu mutu hataki kukaa kwetu. Atamubeba mutoto, na hatutamuona tena kwenye mulango huu."

Mariamu alianza kuvua bangili moja, taratibu, kama mtu anayepitisha muda, na akaishika mkononi.

Hapo tu ndipo neno langu liliponirudia. Nilikuwa nimemwambia asikae. Kwa pasi, kukaa ni matako na kitambaa. Lakini katika lugha yetu neno hilo hilo ndilo la kuishi na watu. Nilikuwa nimemkataza bwana arusi kukaa, na alikuwa ananitii mbele ya watu waliokuja kuona kama atakaa.

Ningependa kuandika kwamba nilikimbia. Kwanza nilitazama kanzu. Mungu anisamehe, niliitazama, ilikuwa imenyooka kweli. Kisha nikatazama ile bangili mkononi mwa Mariamu, nikatoka nje, mwanamke peke yangu, nikapita katikati ya wazee hadi chini ya turubai. Njiani nikakanyaga kiatu cha mtu.

"Yusufu," nikasema. "Kaa."

Akanitazama bila kuamini. "Kweli, Dada?"

"Kaa. Kaa kabisa. Egemea."

Baba Mariamu alitutazama mmoja baada ya mwingine. Nikamgeukia nikamwambia kwamba mimi ni mtu wa pasi, kwamba kitambaa hiki hukunjamana, kwamba ni mimi niliyemkataza asikae, na kwamba kijana hana kosa isipokuwa adabu. Nilisema haya kwa haraka na nadhani nilitaja pia nzi. Mzee mmoja akauliza polepole kama ni kweli mtu anaweza kuiogopa nguo yake. Mzee Ramazani hakungoja.

"Mimi nimeikalia toka Wamaza," alisema. "Mwenyewe ndiye alikuwa amekatazwa."

Kicheko kilianzia nyuma, kwa vijana, kikafika mbele kwa wazee, na cha mwisho kilikuwa cha baba Mariamu, ambaye alikizuia kwa ndevu mpaka kikamshinda. Yusufu akakaa. Nilisikia kitani kikivunjika mapajani, nikafumba macho. Aliegemea kama nilivyomwambia. Shehe, aliyekuwa akingoja kufungisha ndoa, akaombwa aendelee.

Walikula, wakakaa. Walikaa mpaka jua likapita turubai. Yusufu alipoinuka kuja kumsalimia Koko, kanzu kwa nyuma ilikuwa kama ramani ya Maniema, mito yote na njia zake mbovu. Nilijificha nyuma ya mlango. Koko alimzungusha kwa mkono mmoja, akaipapasa mikunjo pale nyuma ya magoti, akaangalia na ile M kwenye pindo, kisha Mariamu, aliyekuwa na bangili zake zote.

"Sasa," akasema, "imemukaa."

Riziki, Mwamini, baada ya siku ile niliendelea kuwa mimi. Bado nilinyoosha vitambaa vibovu. Lakini nilinunua kigoda, kile kilichopo mbele ya kibanda, na kila mteja aliyevaa kitani chake pale pale nilimwambia akae kwanza kabla hajaondoka. Wengine walidhani ni ukarimu. Lile jambo moja ambalo usifanye kamwe, yule mwanamke wa video alibaki nalo. Mimi nimepata langu.

Kwa Kiswahili cha vitabu makala yetu huitwa makaa, na moja lake ni kaa. Nimeliacha kaa kwa ajili ya kifua. Watu wakinikuta mlangoni kwa Mama huniuliza sasa ninafanya kazi gani. Ninawajibu kwamba ninakaa. Asiyeamini alitazame gauni langu kwa nyuma.